Bundi aliyegongwa na gari: mfupa wa ndege haungoji

Msomaji wetu, mwendesha boda boda wa Njoro katika kaunti ya Nakuru, ameniandikia barua ndefu ambayo kwa kifupi inasema hivi. Juzi saa kumi alfajiri alimkuta bundi katikati ya barabara ya Njoro kuelekea Nakuru, amekaa tu, bawa la kushoto limelegea. Alimfunika kwa jaketi, akampeleka nyumbani na kumweka kwenye kizimba cha kuku. Amemtilia maji mdomoni kwa bomba la sindano, amempa ugali na maziwa, na bundi amekataa kula. Rafiki yake wa duka la agroveti amejitolea kulifunga bawa bandeji na kumpa vidonge vya diclofenac. Mama yake hataki kumwona ndege huyo bomani. Anauliza: afanye nini bundi apone, na je, anaweza kukaa naye mpaka aruke tena?

Ndugu yangu, asante kwa kusimamisha pikipiki saa hiyo ya giza. Naanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo linaloliamua la kwanza: usikae naye. Piga simu ukimaliza kusoma, na kabla jua halijatua bundi awe mikononi mwa watu wanaotibu ndege mbuai. Uko mahali pazuri kwa jambo hili. Kenya Bird of Prey Trust, taasisi inayotibu tai, mwewe, kozi na bundi, ina vituo vyake Naivasha na katika hifadhi ya Soysambu kando ya Ziwa Elementaita. Kutoka Njoro unapita Nakuru mjini, unashika barabara ya Nairobi, na hujaenda mbali umefika Elementaita. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, nalo lina ofisi Nakuru na lina madaktari wa wanyamapori. Wapigie wote wawili, KWS kwanza, ueleze ulichonacho na unakokipeleka.

Haraka hii ina sababu yake. Mifupa ya ndege huunga upesi kuliko yetu. Mfupa uliovunjika vizuri, ukapangwa na kushikiliwa mahali pake, huwa imara kwa muda wa kama wiki tatu. Ubaya ni kwamba huunga kwa kasi ileile hata ukiwa umepinda. Misuli ya kidari inavuta kipande kimoja huku, ya bega inavuta kingine kule, vipande vinapishana, na mwili unaanza kuvigandisha hivyo hivyo. Ndani ya wiki ya kwanza kazi ambayo ingefanywa kwa pini nyembamba ya kushikilia mfupa inakuwa ya kuvunja upya na kuomba Mungu. Mfupa wenyewe pia ni mwembamba, na nyama inayoufunika ni kidogo. Ncha yake ikitoboa ngozi na kukaa nje, inakauka na kufa. Wewe umekwisha tumia siku mbili. Sikulaumu, kwa kuwa hukuwa na wa kumuuliza, lakini usitumie ya tatu.

Sasa hivi, kabla ya simu au mwenzako akipiga simu, mtoe kwenye kizimba cha kuku. Nyavu za waya zinakata manyoya ya mabawa na mkia kila anapojipigapiga, na nitaeleza mbele kwa nini manyoya hayo yana thamani sawa na mfupa. Kuku nao wanamtisha, na wanaweza kumwambukiza ugonjwa au yeye akawaambukiza wao. Kama kuku wa mtaa wenu walipatwa na mdondo hivi karibuni, mwambie daktari. Tafuta boksi la karatasi ngumu ambalo bundi anaweza kusimama ndani yake bila kutanua mabawa. Litoboe matundu madogo upande wa chini, tandika taulo kuukuu au shuka lisilo na nyuzi zinazoning'inia, kisha funga juu. Usitandike majani makavu wala maranda ya mbao: huwa na ukungu unaoingia kwenye mapafu na vifuko vya hewa vya ndege, na ugonjwa huo umewaua ndege wengi ambao majeraha yao yalikuwa yanapona.

Ukimshika, hofia miguu. Watu huogopa mdomo, lakini silaha ya bundi ni kucha, na akishakufumbata kidole haachii kwa kuvutwa. Mrushie taulo lifunike kichwa na mwili wote, mabawa yakusanyike ubavuni yalivyo kawaida, kisha tafuta miguu kupitia kitambaa na uishike yote miwili. Usimbane kifua. Ndege hana kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kama sisi. Anapumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari, hivyo ukimkumbatia kwa nguvu unamnyonga hata kama hujamgusa shingo. Akishaingia boksini, funga na umwache. Najua hamu ya kuchungulia kila baada ya dakika kumi, hasa kama kuna watoto nyumbani. Kila mara kifuniko kinapofunguka, moyo wake unakwenda mbio na nguvu anazohitaji kuponea zinapotea kwa hofu. Akigongagonga mdomo, akivuma na kujitutumua, hiyo ni hofu. Akinyamaza na kufumba macho ukiwa unamtazama, hiyo nayo ni hofu, na ndiyo inayodanganya watu zaidi kwa sababu wanadhani ameanza kuwazoea.

Huko kwenu usiku ni baridi. Chupa ya maji ya uvuguvugu, si ya moto, iliyofungwa kitambaa na kuwekwa kona moja ya boksi inatosha, ili akitaka joto alifuate na asipotaka aliepuke. Ndege aliyegongwa kichwa haongezewi joto kali, na aliyegongwa na gari tunamhesabu kuwa amegongwa kichwa mpaka apimwe.

Sasa maji. Hapa ndipo huruma inapoua ndege wengi, na naomba unielewe kwamba nasema hivi kwa sababu nimewaona. Tundu la kupumulia la bundi liko wazi mdomoni, kwenye shina la ulimi. Maji unayoyasukuma kwa bomba la sindano yanapita hapo kwa urahisi na kuingia mapafuni. Hafi palepale, anakufa siku ya pili au ya tatu kwa nimonia, na aliyempa maji anadhani ni bawa lililomuua. Acha kabisa. Kama alipumua kwa sauti ya kukoroma au alitoa povu baada ya kunyweshwa, mwambie daktari bila kuficha. Kituoni watamwongezea maji chini ya ngozi kwa sindano, kiasi kinachopimwa kwa uzito wake, maana bundi mwenye masikio ya manyoya na macho ya manjano kama unavyomweleza, ambaye inaelekea ni yule wa madoadoa, mara nyingi hafikishi hata kilo moja.

Maziwa hapana, leo wala kesho. Ndege hawana kimeng'enya cha kuyeyusha sukari ya maziwa, hivyo yanamharisha na kumkausha maji zaidi. Ugali pia si chakula chake. Bundi anakula panya mzima, na mwili wake umejengwa kwa ajili hiyo: nyama inayeyushwa, kisha manyoya na mifupa iliyobaki inafinyangwa kuwa donge ambalo hulitapika masaa mengi baadaye. Ukimpa mnofu mtupu kwa wiki kadhaa unamnyima chokaa, yaani kalsiamu, inayotoka kwenye mifupa ya panya, kwani nyama peke yake ina fosforasi nyingi na chokaa kidogo sana. Kwa bundi mchanga kosa hilo linapinda miguu na mabawa kabisa.

Kwamba amekataa kula kwa siku mbili kusikutishe kupita kiasi. Bundi mzima aliyenona anastahimili siku mbili tatu. Unaweza kumpima bila mizani: ukiwa umemshika ndani ya taulo, pitisha kidole katikati ya kidari. Ukikuta mfupa umezungukwa na nyama pande zote mbili, ana akiba. Ukikuta umechongoka na nyama imeingia ndani, amedhoofu tangu kabla ya ajali, na hapo jihadhari zaidi, kwa sababu ndege aliyekondeana akipewa panya mzima ghafla anaweza kufa na chakula tumboni. Huyo huanza na maji, kisha chakula chepesi kidogo kidogo. Ikiwa kwa sababu yoyote huwezi kusafiri leo na kidari kina nyama, weka vipande vidogo vya nyama mbichi isiyo na chumvi kwenye kisahani ndani ya boksi wakati wa magharibi, funga, uondoke. Asipokula, usimfungue mdomo kwa nguvu. Na usimpe panya aliyekufa ambaye hujui kilichomuua.

Kuhusu diclofenac, jibu ni hapana bila mjadala. Dawa hii inauzwa kila duka la dawa kwetu na watu tunaimeza kwa maumivu ya mgongo, ndiyo maana inaonekana salama. Lakini katika India, Pakistan na Nepal ndiyo iliyowamaliza tumbusi, wale tai wa mizoga. Ng'ombe walitibiwa kwayo, wakafa, tumbusi wakala nyama, na figo zao zikasimama. Jamii 3 za tumbusi wa huko zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95 kabla ya wanasayansi kugundua chanzo mwaka 2004, na nchi hizo zikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006. Dawa yenye historia hiyo haijaribiwi kwa ndege mbuai uliyemwokoa barabarani. Panadol na dawa nyingine za watu zina hatari zake pia. Maumivu ya bundi wako ni ya kweli na yanahitaji kutulizwa. Daktari wa ndege ana meloxicam, ambayo ndiyo iliyochukua nafasi ya diclofenac huko India, na anajua kipimo.

Bandeji ya rafiki yako nayo asiifunge. Najua anataka kusaidia, na pengine amefunga miguu ya mbuzi vizuri kabisa, lakini bawa ni kitu kingine. Mbele ya bawa, kati ya bega na kifundo, kuna ngozi nyembamba yenye kano inayovutika kila ndege anapotanua. Ukiifunga ikiwa imekunjwa kwa muda mrefu, inafupika na kukakamaa, na bawa halitanuki tena hata kama mfupa umeunga sawasawa. Kwa safari ya leo boksi dogo lenye giza linatosha, kwa sababu halimpi nafasi ya kupigapiga. Kama kuna damu inayotiririka, bonyeza kwa kitambaa safi dakika chache mpaka ikome. Kama kuna jeraha lililo wazi kwenye sehemu ya juu ya bawa, kati ya bega na kiwiko, usilimwagie maji wala dawa yoyote: mfupa huo una hewa ndani na umeungana na vifuko vya hewa vya mwili, kwa hiyo unachomimina pale kinaweza kufika kwenye njia ya pumzi. Hilo hata madaktari wa mifugo wasiotibu ndege huwa hawalifikirii.

Mtazame mara moja tu, wakati unamhamishia boksini, na ukumbuke ulichoona. Macho yote mawili yanafunguka sawa? Kuna damu ndani ya jicho? Macho ya bundi yana umbo la bomba na yameshikwa na pete ya mifupa, hayazunguki, ndiyo sababu anageuza shingo. Pigo la gari huyaumiza ndani bila alama yoyote nje. Vidole vya miguu vimefumba kama ngumi, na mdomo unatoa mate? Hiyo inaweza kuwa sumu, na bundi aliyelewa sumu ndiye anayekaa katikati ya barabara mpaka agongwe. Eneo lenu ni la ngano na mahindi, watu wanatega dawa ya panya kwenye maghala, na panya aliyekula dawa hiyo hafi papo hapo. Anayumbayumba uwanjani siku kadhaa akiwa windo rahisi. Dawa nyingi za aina hiyo huzuia damu kuganda. Ndani ya mdomo wa bundi aliyezila hupauka, na dawa yake ni vitamini K1, inayofanya kazi ikitolewa mapema. Na kama ulimkuta karibu na nguzo ya stima, sema pia. Majeraha ya umeme yanaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, nyama ikiwa imekwisha kufa chini ya manyoya yanayoonekana mazima.

Safari yenyewe. Najua pikipiki ndiyo gari lako, lakini usilifunge boksi kwenye keria. Mtikisiko wa pale nyuma unasugua mfupa uliovunjika, na jua la mchana linageuza boksi kuwa tanuri. Bora matatu, boksi likiwa mapajani, umemwomba dereva apunguze muziki. Ikibidi kuwa pikipiki, mtu wa pili alikumbatie boksi katikati yenu na uendeshe polepole. Usimpe chakula njiani. Osha mikono kwa sabuni ukishamkabidhi, na jaketi lile lifue.

Huenda unajiuliza kwa nini wasimfunge bawa wakurudishie umlee. Kwa sababu kuunga mfupa ni mwanzo wa kazi. Bundi hahesabiwi kuwa amepona kwa kuwa hai. Amepona akiweza kukamata panya gizani usiku baada ya usiku. Yule bundi mweupe wa darini, mwenye uso wa umbo la moyo, anaweza kumkamata panya kwenye giza totoro kwa kusikia tu, tundu la sikio moja likiwa juu kuliko la pili ili apime sauti inatoka wapi. Huyu wako hutumia macho zaidi, lakini naye anategemea kuruka kimya. Unyoya wa kwanza wa bawa lake una ukingo wenye meno laini kama kitana, yanayovunja sauti ya upepo. Manyoya haya yakikatika hayakui mpaka yabadilishwe kwa zamu yake, jambo linaloweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Ndiyo sababu nimekuhimiza umtoe kwenye waya. Wenye ujuzi wanaweza kupandikiza unyoya wa ndege aliyekufa ndani ya shina la uliovunjika, kazi ya mikono ambayo wafuga kozi wameijua kwa karne nyingi, lakini ni afadhali lisihitajike.

Pini ikitolewa, bawa linanyooshwa na daktari kidogo kidogo, mara nyingine ndege akiwa amelazwa usingizi ili asiumie. Kisha anawekwa kwenye kibanda kirefu cha kurukia. Wanamwangalia: anapanda sawa pande zote mbili? Anatua bila kuyumba? Anahema mdomo wazi baada ya mizunguko michache? Misuli iliyolala wiki kadhaa inajengwa upya kama ya mchezaji aliyevunjika mguu. Kwa ndege mbuai hutumika pia mazoezi ya kuruka uwanjani akiwa amefungwa kamba ndefu nyepesi. Mwisho anapimwa kama anaweza kuwinda. Huchukua miezi wakati mwingine, na muda wote huo watu wanajizuia kumsemesha na kumpapasa, kwa sababu bundi aliyezoea watu akiachiliwa atatua kwenye paa la mtu asiyempenda.

Sitakuficha: huenda asiruke. Kiungo cha kiwiko kikiwa kimesagika, au mfupa ukiwa umekauka nje ya ngozi, daktari anaweza kuamua kumlaza usingizi wa mwisho. Ukiambiwa hivyo, usidhani amekata tamaa mapema. Bundi wa mwituni aliyefungiwa na bawa bovu akipigapiga kila usiku anateseka kwa miaka, na mimi mwenyewe husaini uamuzi huo kwa moyo mzito nikijua ni sahihi.

Nimeacha suala la mama kwa makusudi, kwa kuwa naona lina uzito kwako. Jamii nyingi za Kenya zinaamini kwamba bundi akilia karibu na nyumba analeta habari za msiba, na mzee aliyekua na imani hiyo hawezi kuivua kwa kuambiwa na kijana wake. Usibishane naye. Katika jambo hili mama na daktari wanataka kitu kimoja: bundi aondoke bomani leo. Siku nyingine, mambo yakitulia, unaweza kumsimulia kuhusu wakulima wa Kiawara, Nyeri, ambao bundi wakubwa wanaoitwa wa Mackinder huzaliana kwenye magenge ya kando ya mashamba yao. Wageni huenda huko kuwatazama, na wenyeji waliojifunza kuwaonyesha hupata kipato. Bundi huja karibu na nyumba kwa sababu panya wako karibu na nyumba. Mama akiwa na ghala la mahindi, hesabu hiyo ataielewa.

Na sheria iko wazi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kukaa na mnyama wa mwituni bila kibali, na ndege ni wanyamapori. Kumwokoa na kutoa taarifa mara moja ni jambo moja. Kukaa naye miezi ukisubiri aruke ni jingine, hata kama nia ni njema.

Kabla hujaondoka, chukua karatasi uandike: saa uliyomkuta, mahali hasa, ukitaja kivuko, duka au nguzo iliyo karibu, ulichompa kula na kunywa, na dawa yoyote iliyogusa mdomo wake. Mahali ni muhimu kuliko unavyodhani. Bundi wana eneo lao na mara nyingi wana mwenza, na akipona atarudishwa karibu na hapo magharibi moja, mbali kidogo na lami, ambako anajua miti na njia za panya. Wafanyakazi wa kituo hawaijui Njoro kama unavyoijua wewe, hivyo uwaonyeshe shamba lipi lina miti mikubwa na mwenye shamba gani hatawarushia mawe. Andika namba yako ya simu chini ya karatasi hiyohiyo, uibandike juu ya boksi.